Sanduku Langu Limetangulia Baidoa

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Nafasi imetokea! Moja tu. Karani wa stoo, Baidoa, Somalia. Mzee Maingi, mkubwa wetu wa godauni, alitangaza tukiwa katikati ya kupakia mablanketi. Misheni yetu ya misaada inataka mtu wa kuhesabu mahema na dawa zikifika kule. Ataenda mmoja: mimi au Muoki. Ijumaa tunakaa mbele ya Bwana Henrik, yule Mdenishi anayeongoza ofisi ya Nairobi. Tubebe cheti cha Kidato cha Nne. Chenyewe, si kopi.

Muoki si tishio. Mtu wa mtaa wa Umoja, mpole, anapiga mistari na rula hata akiandika jina lake. Anapiga ovaroli pasi. Ovaroli! Mimi nimejifundisha kutaipu kwenye mashini isiyo na herufi R, na nimesoma kitabu kizima cha kupanga mizigo ndani ya ndege. Vita haviniogopeshi. Nimekulia mtaani Mbotela, huko ni vita kila siku.

Jioni nikamwambia dada Lenah kwamba huenda nikaenda. Huenda, nilisema hivyo hivyo. Lakini nilipofika bombani kuchota maji nilimkuta Mama Vivian wa nyumba ya pili, mdomo ukanitoroka. Nikasema nimeshachaguliwa. Akapiga nduru, watu wakatoka milangoni. Sasa haiwezi kurudi nyuma.

Jumanne, 3 Agosti

Sikulala vizuri. Nikifikiria. Lakini asubuhi, nikipiga mswaki, ikaja yote mara moja.

Pale godauni sheria ni moja. Kitu kisicho na karatasi ya mzigo hakitoki, hata kiwe ni chakula cha mchana cha Mzee Maingi. Kitu chenye karatasi na muhuri kinatoka, na hakuna anayeuliza swali. Sasa. Kama mizigo ya karani iko Baidoa tayari, watampeleka karani mwingine wa nini? Itakuwa ni kuharibu mpango wa ofisi. Wazungu hawapendi kuharibu mpango.

Nimepakia lile sanduku langu la bati la shule. Nguo zote. Viatu vyangu vyeusi. Suti ya shemeji Mulongo, mume wa Lenah (hajui, lakini angejua angekubali). Nikataipu karatasi ya mzigo kwa mashini ya ofisi, ile yenye R: Vifaa vya karani wa stoo, Baidoa. Sanduku moja. Kilo thelathini na moja. Nikaichomeka katikati ya karatasi arobaini za mchele. Mzee Maingi hugonga muhuri na mkono wa kulia, wa kushoto umeshika chai, macho kwa gazeti. Pa, pa, pa. Imepita!

Muoki aliliona sanduku kwenye mizani. Akaniuliza karani gani huyu mwenye vifaa, na hajachaguliwa bado. Nikamjibu hayo ni mambo ya ofisi kubwa. Akanitazama. Halafu akaliandika kwenye orodha ya ndege, na rula.

Jumatano, 4 Agosti

Limeenda! Nilisimama mlangoni nikaona lori likielekea uwanja wa ndege. Sanduku langu lilikuwa juu kabisa, kamba mbili. Karibu nilipungie mkono.

Jioni akina mama wa kanisa walikuja kuniombea. Sikuwaita. Mama Vivian aliwaita. Aliniletea kuku mzima wa kuniaga. Waliimba, waliomba risasi zipite kando yangu, Lenah akalia hadi nikaanza kujionea huruma mimi mwenyewe. Nikasema maneno machache kuhusu ujasiri. Yalikuwa mazuri, ni vile hakuna aliyeandika.

Mulongo hakulia. Aliuliza suti yake iko wapi. Nikamwambia iko kwa dobi, namwoshea kama shukrani.

Walipotoka Lenah akasema nimpe kile cheti akiweke kwa bahasha safi ya Ijumaa. Nikamwambia asijali, kiko mahali salama. Nimekiweka vizuri mwenyewe, kisikunjike. Chini ya suti.

Ndani ya sanduku.

Mungu wangu.

Alhamisi, 5 Agosti

Saa mbili kamili niko chumba cha redio. Kasiva ndiye anaongea na Baidoa kila asubuhi, na ana sauti ambayo hata ikisoma idadi ya magunia mtu anasikiliza. Nilitaka kumweleza kwa heshima, kama mtu wa kazi. Nikajikuta nimepiga magoti.

Akawaita Baidoa. Wakajibu ndiyo, sanduku limefika salama, limeandikwa kitabuni, limefungiwa stoo. Kasiva akauliza kama linaweza kurudi na ndege ya leo. Hapana. Kitu hakitoki stoo bila karatasi yenye sahihi ya karani wa stoo. Karani yuko wapi? Hajafika. Anachaguliwa kesho huko kwenu Nairobi.

Yaani siwezi kuwa karani bila cheti, na cheti hakiwezi kutoka bila karani. Nilimwomba Kasiva arudie swali, labda hawakusikia. Walisikia.

Kasiva alicheka hadi akavua ile mitambo ya masikioni. "Job, manze, wewe ni mzigo bila karatasi." Nikacheka pia, kidogo. Haikuwa ya kuchekesha.

Ijumaa, 6 Agosti

Nitaandika haraka ipite.

Niliingia na ovaroli kwa sababu nguo nyingine sina. Bwana Henrik akaomba cheti. Nikasema kiko Baidoa. Akasema kwenye faili yake inaonekana sijawahi kufika Baidoa. Nikasema ni kweli, mimi bado, ila cheti kimetangulia.

Mzee Maingi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniangalia kama mtu aliyenunua redio ikakataa kuongea.

Muoki alitoa cheti ndani ya plastiki. Akatoa kopi. Akatoa kopi ya kopi, ikiwa ile ya kwanza itapotea. Akapewa Baidoa. Anaruka kesho asubuhi.

Baadaye Mzee Maingi aliniita pembeni. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alisema tangu Machi mimi ni kibarua, na Muoki akienda, meza yake ya karani hapa Nairobi inabaki wazi. Kazi ya kuandikwa. Ni yangu kama cheti kitakuwa mkononi mwake Jumatatu kabla ya saa kumi. La sivyo kuna mpwa wa mtu anaingoja. Na mimi hata kibarua nakipoteza.

Kwa hivyo imebidi nimwombe Muoki anirudishie sanduku. Muoki! Alikuwa anachonga penseli. Nilimwita ndugu yangu. Aliendelea kuchonga mpaka ncha ikatoka kama sindano, akaipuliza, ndipo akanijibu kwa jina langu la pili.

"Andati, si ulisema ni mambo ya ofisi kubwa?"

Nikasema nilitania. Akasema yeye alisoma karatasi vizuri sana. Vifaa vya karani wa stoo, Baidoa. Karani wa stoo, Baidoa, ni nani sasa? Kwa hivyo sanduku ni lake. Lina muhuri.

Ile karatasi niliitaipu mimi, na haina kosa hata moja.

Jumapili, 8 Agosti

Kanisani kila mtu alinishangaa. Ati bado hujaenda? Nikasema ndege imeharibika bawa. Wa pili nikamwambia ni injini. Mama Vivian alisikia zote mbili. Akaniambia kuku wake alikuwa wa kuaga mtu anayeenda, si wa kuaga mtu anayekaa, na kama simwonei yeye aibu nimwonee basi yule jogoo aliyebaki mjane.

Mulongo anataka kujua ni dobi gani anakaa na suti siku tano. Ana harusi ya binamu yake Jumamosi. Nikasema ni dobi makini.

Lenah peke yake hakunisuta. Alinipakulia ugali, akakaa, akaniuliza polepole kama kazi ya kesho ipo au haipo. Nikamwambia ipo. Anajua nikidanganya. Hakula sana, na mimi pia nikaacha nusu.

Jumatatu, 9 Agosti

Ndege ya Baidoa hufika saa nane. Saa tisa lori halijaonekana. Saa tisa na nusu Mzee Maingi alitazama saa yake, halafu akanitazama mimi, halafu ukuta. Kijana mmoja nadhifu, sijui mpwa wa nani, alikuwa ameketi kwenye gunia la maharagwe akitikisa mguu.

Saa kumi kasoro dakika kumi, lori! Juu ya mahema mabovu, sanduku langu!

Karatasi ilikuwa na mistari iliyonyooka. Vifaa vya karani. Havihitajiki. Vinarudishwa. Sahihi: Muoki. Cheti kilikuwa juu kabisa, amekivika plastiki mpya. Nilikimbia nacho kama kinaungua. Mzee Maingi alikisoma chote, hata jina la mwalimu mkuu, akanipa mkono. Kesho meza ni yangu. Yule kijana akaondoka na mguu wake.

Mizani ilisema kilo ishirini na tisa. Kulikuwa na barua fupi ndani: "Viatu nimebaki navyo. Huku vumbi ni jingi, vyangu ni vya kanisa. Ukae vizuri kwa hiyo meza, droo ya chini inakwama, ivute ukiinua." Mtu wa ajabu. Sijui kama ni mwizi au ni rafiki.

Lenah alilia tena, ila hii ya leo ilikuwa nzuri. Suti inanuka samaki mkavu, sijui ililala na nini kule stoo. Mulongo aliinusa kola, akaniuliza huyo dobi anakaa ziwani. Nikamweleza ukweli wote. Sasa anazunguka plotini, nyumba kwa nyumba, akiambia watu suti yake imetoka vitani.

Jumanne, 10 Agosti

Karani! Kiti kina mgongo. Nimeivuta droo nikiinua, ikafunguka. Nimekaa kimya asubuhi yote nikipiga mistari. Ni kazi nzuri, tulivu, mtu anaweza kuzeeka hapa bila tatizo lolote.

Saa tano Kasiva alipita na chai. Akasema misheni inatafuta karani wa kwenda Msumbiji, lakini lazima awe anajua Kireno, kwa hivyo kwetu hapa hakuna. Nikamwambia yupo. Akauliza nani. Nikasema nimekiongea tangu utotoni, ni vile sipendi kujionyesha.

Kasiva alimwambia Bwana Henrik. Bwana Henrik alikuja mwenyewe, amefurahi sana, akanishika bega. Kumbe mke wake ni Mreno! Wa Lisbon kabisa. Alhamisi mama huyo anakuja ofisini tunywe chai, mimi na yeye, tuzungumze.

Nimepata kitabu cha Kireno pale Jogoo Road, kwa wale wanaouza vitabu vya zamani chini. Kurasa kumi na mbili za mwanzo hazipo. Nadhani salamu zilikuwa huko. Kinaanza ukurasa wa kumi na tatu, namna ya kuuliza bei ya ng'ombe mgonjwa.

Leo ni Jumanne. Siku mbili zinatosha kabisa.