Gari Lililosukumwa Likiwa Zima

Leo aibu imenikuta nimevaa suti.

Mnaonifahamu humu mnajua huwa nasoma tu ya wenzangu na kuondoka. Leo naandika. Niko kwenye chumba cha intaneti hapa Moshi mjini, suruali ina tope mpaka magotini, na dada wa hapa amenitandikia gazeti kwenye kiti kabla sijakaa. Hajaniuliza kitu. Namshukuru.

Kaka yangu Deo alifariki mwaka jana. Hakuacha mke wala mtoto. Aliacha gari. Ni yale ya Japani yanayotumia petroli na umeme pamoja, haibridi. Kwa asiyelijua: ukisimama, injini inajizima yenyewe ili isile mafuta bure. Gari linabaki hai, ila kimya kama mtu anayesali. Ukikanyaga mafuta kidogo linaondoka kwa betri, taratibu, bila mlio. Deo alilipenda kwa ukimya huo. Mimi nalipenda kwa sababu lilikuwa la Deo. (Na kwa sababu tunafanana. Hatusemi.)

Baba mkubwa Aloisi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, hakuwahi kuliamini. Wiki iliyopita alinipa sharti. Leo tulikuwa tunapeleka msalaba mpya wa kaburi la Deo nyumbani Masama, katekista aubariki. Kama gari lingepanda lenyewe mpaka nyumbani, ningebaki nalo. Kama lingeshindwa, liuzwe, ukoo ununue pikapu ya kubebea ndizi.

"Hilo linatambaa kama kenge," alisema. "Mlima unataka kitu chenye miguu."

Basi nikalipeleka kwa fundi Shabani kule Shirimatunda, bingwa wa kugeuza magari yawe ambayo hayakuzaliwa kuwa. Akaweka vipande vya mpira kwenye springi, likanyanyuka. Akafunga tairi nene, bampa nyeusi na keria juu. Akarudi nyuma hatua tatu, akalitazama, akaniambia sasa nina krosova, zile gari mpya ambazo si jipu na si teksi. Nasema kweli: lilifanana na bata aliyevaa raba. Nikamwuliza kama anaweza kuliwekea na mlio, maana watu hawalisikii likija. Akasema mlio ni kazi nyingine, nirudi Jumatatu.

Laiti ningemsubiri hiyo Jumatatu.

Saa nne asubuhi tuliondoka. Msalaba juu ya keria, umefungwa kwa kamba. Baba mkubwa mbele, kofia kichwani, suti yake ya Krismasi. Shangazi Felista nyuma, amekumbatia ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Gari likapanda. Mawe ambayo zamani yalikuwa yanalikwaruza tumbo likayapita juu kwa juu. Baba mkubwa alikuwa ameshika mkono wa mlango tangu Moshi. Tulipofika kwenye migomba akauachia. Nikajua tumeshinda. (Usiseme umeshinda kabla hujafika kwenye mfereji.)

Kona mbili kabla ya nyumbani, pale mfereji unapopita kando ya barabara, mzee mmoja alikuwa anavuka na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikasimama kumpisha. Injini ikanyamaza.

Sasa, mlimani kwetu gari likinyamaza kwenye mwinuko halibaki peke yake. Sijui watu hutoka wapi. Mmoja akaweka jiwe nyuma ya tairi. Watano wakatua majembe. Wakaja dirishani mmoja mmoja kunipa pole ya Deo, kisha pole ya gari.

Nilifungua mdomo nieleze. Lakini mtu akikupa pole mbili kwa pamoja, ya msiba na ya gari, unaanzaje kumwambia chukua moja urudi nayo?

Nikafunga mdomo.

Baba mkubwa alikuwa ameshashuka. Kijana mmoja akamwambia, "Meku, pumzika, tuachie sisi." Meku, yaani mzee, hakupenda kupumzishwa. Akaenda nyuma akaweka mabega.

Wakasukuma. Gari halikusogea. Wakasukuma tena, wakihema. Nilikuwa nimekanyaga breki.

"Toma, toa breki wewe!" Baba mkubwa akanifokea kutoka nyuma.

Nikatoa. Kisha nikawaonea huruma. Nikagusa mafuta kidogo tu, kiasi cha kuwasaidia, na betri ikalichukua gari kimya kimya. Huko nyuma wakadhani ni nguvu zao. Wakaanza kuimba. Nikisimama, watasema limekufa tena. Nikiongeza, watajua. Kwa hiyo nikaenda mwendo wa kusukumwa, natoka jasho, huku watu saba wakisukuma gari linalojiendesha.

Shangazi akainama katikati ya viti, akatazama dashibodi.

"Mwanangu, hizi taa mbona zinawaka? Gari hili ni zima?"

"Ni zima, shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu Moshi."

Alijifunika khanga usoni, mabega yakawa yanatikisika.

Kwenye kona ya mwisho betri ikachoka. Gari likafanya linavyofanya siku zote: likawasha petroli lenyewe, likaunguruma, likachomoka. Watu saba wakasukuma hewa. Kwenye kioo niliwaona wakilala kifudifudi mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho, Baba mkubwa, akiingia kwenye mfereji na suti ya Krismasi. Kofia ilishika njia ya Moshi. Nilishuka mbio, nikaingia kwenye maji kuifuata (ndiyo hilo tope), nikaikosa, na mwenye kofia nikamkuta ameshatolewa majini na wenzake. Mmoja wao alikuwa anafanya ishara ya msalaba. Aliapa kwamba sikugusa ufunguo. Ni kweli, sikugusa.

Msalaba ulibarikiwa. Katekista aliwatazama wale watu waliolowa, akafupisha sala. Mimi nilisimama mbele ya kaburi la kaka yangu nikitamani aniambie la kufanya. Deo alikuwa msemaji kunizidi, lakini kidogo tu.

Kisha tukakaa uani. Baba mkubwa alikuwa amefungwa kitenge cha shangazi, maua makubwa mekundu. Wasukumaji nao walikuwepo, wanakunywa mbege yao ya haki. Baba mkubwa akatangaza kwamba gari lilikufa njiani, limefika kwa mikono ya watu sita na yeye wa saba, na neno lilikuwa neno. Liuzwe.

Shangazi akanitazama. Kumbe ningenyamaza tu, heshima yangu ingebaki na gari la Deo lingeondoka.

Nikaenda kwenye ua wa kaburi, nikachuma jani la isale. Kwetu ukilishika jani hilo mbele ya mkubwa wako, ni msamaha unaomba, na hatakiwi kukunyima. Hulichumi kwa jambo dogo. Nikapiga goti mbele ya kile kitenge.

Baba mkubwa akaliona jani. "Umeua nani?"

"Sijaua mtu, Baba mkubwa. Hata gari halikufa. Lilikuwa zima muda wote. Niliona aibu kuwaambia."

Mmoja wa wasukumaji akaweka kibuyu chini.

"Kwa hiyo sisi tulikuwa tunasukuma nini?"

"Mlikuwa mnanisindikiza."

Shangazi ndiye aliyeanza. Wakamfuata wote, mpaka katekista. Ule ua haukuwa umesikia kicheko tangu tumzike Deo.

Baba mkubwa hakucheka. Alitaka kuoneshwa. Akainamia boneti, akatega sikio kama daktari, nikalisogeza gari hatua mbili bila mlio. Akanyooka. Akalipokea jani.

"Litabaki kwako," akasema. "Lakini kila likinyamaza, wewe utoe sauti."

Nilidhani ni utani. Nimeteremka naye mpaka mjini, yuko pembeni yangu na kitenge chake, na kila niliposimama alinigusa kiwiko mpaka nitoe kichwa dirishani na kupaza sauti: "Halijafa!" Kwenye mzunguko hapa mjini askari wa barabarani alisogea, akavua kofia, akaniuliza kwa upole nani alikuwa mgonjwa.

Jumatatu narudi kwa fundi Shabani kufuata ule mlio. Mpaka hapo, mkiniona nimesimama kimya njiani, pungeni mkono mpite. Msishuke.