Jinsi Shangazi Alivyoutiisha Mwangwi

Njooni, enyi wote mliowahi kubonyeza kitufe msichokijua kisha mkajifanya mlikusudia! Sogezeni viti, zimeni simu, na mwenye kikohozi akohoe sasa. Nawahadithia habari kubwa ya Shangazi, mshona magauni, mwenye vidole vyepesi na kauli nzito, aliyeingia vitani peke yake dhidi ya kinanda cha umeme, mchana kweupe, mbele ya wifi yake.

Siku hiyo binti wa kaka yake alikuwa anaolewa. Ukumbi ulikwisha kupambwa, viti vimevalishwa vitambaa, wageni wako njiani. Bibi harusi alikuwa ameomba jambo moja tu: "Shangazi, nikiwa naingia nataka filimbi, lakini iwe kama inaniita kutoka mbali. Mengine pangeni wenyewe." Na Shangazi, ambaye hakujaliwa mtoto, na ambaye chini ya meza yake ya cherehani binti huyu alilala usingizi wa likizo zote za utoto wake, akaapa: "Filimbi hiyo utaipata, mwanangu, hata ikibidi niipulize kwa pua."

Basi akasimika kinanda jukwaani, kirefu, cheusi, chenye vitufe kama upele. Ndani yake alikuwa amepanga jeshi lake: ngoma, besi, piano na filimbi, zote zikingoja amri ya vidole vyake. Akakunja mikono ya gauni. Akabonyeza.

Lahaula! Ngoma ilitoka kama sufuria zinazoporomoka ngazini. Besi ikavuma kama mtu anayekoroma ndani ya tangi la maji. Piano haikujulikana imekimbilia wapi. Na filimbi, ile iliyosubiriwa, ikatoka na mkwaruzo wa kutisha, mithili ya mbu aliyefungiwa ndani ya kopo na sasa anadai haki zake. Kumbe alikuwa amekiazimisha kinanda kwa jirani, mpiga muziki wa kelele, naye alikirudisha kimefutwa vumbi vizuri sana lakini kimevurugwa tumbo, kila sauti imezamishwa kwenye mwangwi.

Ndipo akainuka Wifi, mke wa kaka, mama mzazi wa bibi harusi, mwenye kilemba kilichoshindana na dari. Akasimama katikati ya ukumbi, akahutubu:

"Wifi yangu! Nilisema tangu mwanzo, na leo nasema tena, viti hivi viwe mashahidi. Mwanangu haingii ukumbini kwa sauti ya bomba la choo! Dijei yule pale, ana spika, ana nyimbo, hana matatizo. Mgeni wa kwanza akikalia kiti kabla hujakiponya hicho kidude, nakichomoa kwenye umeme kwa mkono wangu huu."

Dijei, bwana wa miwani ya jua ndani ya nyumba, akainamisha kichwa kwa adabu ya mtu aliyekwisha kushinda.

 Wifi hakumtisha Shangazi; wawili hao walitaniana mpaka misibani. Kilichomtisha ni kile kiapo. Hata hivyo akainua kidevu, akajibu:

"Ewe Wifi, mzuia feni kwa kilemba! Gauni hilo lilipokubana kiunoni, nililitupa? Nilitafuta mshono wenye kosa, nikaufumua huo tu. Nipishe nifumue!"

Akaushambulia mwangwi. Akakamata kitufe chake kikuu, kile cha kuzungusha, akakishusha mpaka chini kabisa. Mwangwi ukafa papo hapo, ngoma ikasafika, besi ikatulia. Lakini filimbi nayo ikakauka kama mkate wa juzi, na mkwaruzo wake haukubanduka. Mlango wa chumba cha pembeni ukafunguka, kikatokeza kichwa cha bibi harusi, mdomo umepakwa rangi nusu.

"Shangazi," akasema kwa unyonge, "hiyo inaniita kutoka jikoni."

Shangazi akapandisha kitufe tena. Sufuria zikaporomoka upya.

Na wakati huohuo, ole wake, mgeni wa kwanza akaingia: mzee mmoja nadhifu, mwenye fimbo, asiye na haraka na mtu. Akatazama kiti cha mbele, akakikataa. Akabonyeza kingine kwa kidole, kama anayenunua parachichi.

"Anakaa!" Wifi akapaza sauti.

"Anachagua!" Shangazi akamjibu, jasho linamtiririka, naye akafungua ukurasa wa madoido kwenye kioo cha kinanda. Hapo ndipo alipowaona ana kwa ana majemadari wawili walioshika ngome: Insati na Oksi, njia mbili za kuitia sauti madoido.

"Oksi si ule waya wa kuchomeka simu?" Wifi akauliza, kwa maana hata katika vita hakupenda kupitwa.

"Ndiyo huo, mama," akasema Dijei.

"Sio huo!" Shangazi akanguruma. "Insati ni kama taraza, naishona kwenye gauni moja, na magauni mengine hayana habari. Oksi ni beseni la rangi, na rangi yenyewe ndiyo mwangwi: ni moja kwa nguo zote, kila nguo inachovya kadiri nitakavyo. Mimi nilikuwa nahangaika na beseni, kumbe kosa ni kuchovya kila kitu!"

Mzee akapata kiti. Akakigeuza kidogo kifuate upepo. Akaanza kukunja magoti.

Shangazi akamwendea Insati wa filimbi, akamkuta amekumbatia mkwaruzo wa jirani, akamzima pasipo mazungumzo. Akaingia safu ya Oksi: ngoma, usichovye, besi, usichovye, piano, lowa ncha ya kidole, filimbi, ewe filimbi, zama! Kisha akavuta pumzi na kugusa funguo za kinanda.

Ngoma ikapiga kavu, imesimama wima. Besi ikatembea chini yake kwa heshima. Na juu yao ikapanda filimbi, laini, ndefu, kama inatoka ng'ambo ya bonde. Shangazi aliinua vidole vyake, nayo ikaendelea kusikika, ikififia bila kukatika.

Mzee alikuwa ameinama nusu, hajakaa wala hajasimama. Akageukia mlango polepole.

"Nani ananiita?" akauliza.

 Bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanaharibu kazi ya mpambaji. Wifi alimtazama mwanawe, akamtazama wifi yake, akakiweka sawa kilemba chake.

"Dijei," akasema hatimaye, "mletee wifi yangu maji. Na hiyo miwani vua, hakuna jua humu."

Ndivyo ulivyotiishwa mwangwi. Tangu siku hiyo ukoo ule mzima hupanga historia yake kwa tukio hilo: fulani alizaliwa kabla ya Oksi, fulani alihama baada ya Oksi. Na Wifi, kila akipata wageni, huwakalisha, huwamiminia chai, kisha huanza kwa sauti kuu: "Sisi tulipoushinda mwangwi…" Shangazi husikia kutoka kwenye cherehani yake. Hukanyaga pedali, akamwacha aendelee.