Laptop ya Roswitha Bado Inapimwa

Ewald Brinkmeier
Celle
Alhamisi asubuhi

Mhariri,
Jarida la "Pima Kwanza"

Ndugu Mhariri,

YAH: KUMCHELEWESHA MKE WANGU KWA MIAKA MITATU

Pokea salamu za heshima kutoka kwa msomaji wako kwa miaka thelathini na mmoja. Matoleo yote ninayo, nimeyapanga kwa mwaka kwenye rafu ya stoo, na hakuna hata moja lenye doa la kahawa. Mashine yetu ya kufulia mlituchagulia ninyi, sufuria ninyi, hata godoro. Kwa hiyo haya ninayoyaandika yananiuma, lakini mtu mzima nimevumilia mpaka basi.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yetu Antje ameolewa Chile, na miaka mitatu iliyopita alitupa habari kwamba ni mjamzito. Mke wangu Roswitha, ambaye macho yake yalishaanza kufifia kwa maradhi ya uzeeni, akaomba laptop ili amwone mjukuu kwenye kioo kikubwa, maana kwenye simu, anavyosema yeye, anaona andazi lililovaa kofia. Nikamwambia, "Niachie mimi." Nimekuwa mkaguzi wa lifti kwa miaka thelathini na minane, sijawahi kupitisha kitu kwa kukiangalia tu. Mjukuu anaitwa Fenja na sasa ana miaka miwili na nusu. Laptop bado hatuna. Kosa ni lenu, na ushahidi ninao.

1. Hamsemi kamwe "Nunua hii." Mnasema "inategemea mahitaji yako." Haya, nikaketi niandike mahitaji, kama mlivyoelekeza katika toleo la mwezi wa tatu. Nilipata sitini na manne: uzito, betri, memori, kelele za feni, idadi ya matundu ya kuchomekea waya na yako upande gani, na mengineyo. Nikamuuliza na Roswitha ya kwake. Akasema, "Nataka kumwona mtoto." Nikasubiri aendelee, hakuendelea. Nikaliandika la sitini na tano ili asijione ametengwa.

2. Alama zenu. Laptop ya Tarvo mliipa 1.8, ya Ostrel mkaipa 1.9, na kwetu hapa kila alama inavyokuwa ndogo ndivyo kitu kinavyokuwa bora, lakini hakuna hata laptop moja iliyowahi kupata 1.0 kwenu. Sasa niambie, mtu mwenye akili zake atanunuaje 1.8 huku akijua 1.0 ipo, ila tu haijatengenezwa? Nimeisubiri. Nadhani hiyo ni subira ya kawaida kabisa.

Halafu mnasema bawaba za Ostrel zimefunguliwa na kufungwa mara elfu ishirini bila kulegea. Nilipiga hesabu mezani wakati wa keki ya Jumapili: tukiifungua mara mbili kwa siku, bawaba zitadumu miaka ishirini na saba. Roswitha ana miaka sabini na mmoja. Akaweka uma chini akasema, "Kwa hiyo hiyo bawaba itakuja kunizika? Hongera yake." Shemeji yangu Traute alicheka mpaka akapaliwa. Sikuona cha kuchekesha, mimi nilikuwa nasifia bawaba.

3. Sheria inamruhusu mteja wa mtandaoni kurudisha mzigo ndani ya siku kumi na nne bila kutoa sababu, nanyi ndio mliotukumbusha haki hiyo, tena kwa herufi nene. Nimeitumia mara tisa. Kila laptop nimeipima siku kumi na tatu, nikairudisha ya kumi na nne, na ingawa sababu haidaiwi nimeambatanisha kurasa nne za sababu kila mara, kwa uungwana. Bila shaka Roswitha hakuruhusiwa kuzigusa. Mzigo lazima urudi safi, na yeye mikono yake hukaa na unga. Ile nailoni ya juu ya kioo sikuibandua hata siku moja.

Dada anayeleta vifurushi, Nurcan, aliniuliza mlangoni, "Mzee Brinkmeier, hii unainunua au unaitembeza kama mbwa?" Nilimpa karatasi asaini. Mwezi uliopita duka limeniandikia kwamba halitaniuzia tena kitu chochote, hata waya. Kwa hiyo nimepoteza haki ya kisheria kwa sababu ya kuitumia, na aliyenishauri niitumie ni nani?

3b. Wakati wa laptop ya nne mtoto alizaliwa. Wakati wa ya saba alitembea. Antje alipiga simu siku hiyo, Roswitha akaishika simu karibu kabisa na pua, akaniita, "Ewald, si kuna ile mashine mezani? Ifungue basi, dakika mbili tu!" Ilikuwa siku ya tatu ya kupima betri na sikuweza kuharibu kipimo. Nawaambia ukweli ili mjue nilivyofuata maelekezo yenu.

4. Nimewahi kuamua. Ndiyo, mara tatu. Mwezi wa tisa niliamua kabisa, nikavaa koti niende dukani kwa miguu yangu, nikasoma toleo lenu mara ya mwisho nikiwa mlangoni. Chini kabisa, kwa maandishi ya kisisimizi: "Aina hii haitengenezwi tena." Nikavua koti. Mnapima kwa miezi sita vitu vinavyouzwa kwa miezi mitano, jamani, mnataka tununue nini?

5. Hili ndilo kubwa. Katika kupima mwangaza wa vioo, mmetumia watazamaji wa miaka ishirini na mitano hadi arobaini, wote wenye macho mazima. Hamkumweka hata bibi mmoja. Mwaka huu daktari alituambia katikati ya jicho la kushoto la Roswitha pamekufa, na la kulia linafuata. Nilimuuliza daktari ni skrini ya mwangaza gani inayofaa. Akaniangalia kwanza, kisha akasema, "Yoyote, baba. Ila haraka." Hicho si kipimo. Nimewaandikieni mara mbili kuomba takwimu na hamkujibu.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Mrudie majaribio yote ya laptop tangu mwaka juzi, mara hii kwa wazee, jicho moja moja. Mpaka mtakapomaliza, msitoe alama kwa kitu chochote, hata pasi. Na zaidi ya yote, mumwandikie mke wangu barua rasmi, yenye saini na mhuri, mkieleza kwamba ucheleweshaji huu ni wenu na si wa mumewe. Hanigombezi. Angenigombeza ningejua pa kuanzia kujitetea. Ananimiminia kahawa tu, anapapasa ukingo wa kikombe kwa kidole ili isimwagike. Ninaihitaji hiyo barua.

Nisalimieni wapimaji wote, hasa yule wa bawaba, ambaye mkono wake nauhurumia. Msalimieni pia mama wa mapokezi, ambaye akisikia jina langu husema "Subiri kidogo" na simu ikakatika.

Wako katika usahihi,
Ewald Brinkmeier

N.B. Nilikuwa natafuta stempu Roswitha alipoingia kutoka supamaketi. Leo ndiyo siku wanayojaza yale makapu ya katikati ya duka kwa bidhaa za bei nafuu za wiki, na baina ya mabuti ya mvua na vikaango kulikuwa na laptop. Alimuuliza mwanamke aliyesimama karibu, "Hii inawaka?" Yule akasema, "Inawaka, mama, mimi ninayo." Akaiweka kwenye toroli pamoja na vitunguu.

Nimeiangalia kwenye jedwali lenu. Mliipa 3.4, na kioo "hakiridhishi". Nailoni ameibandua mwenyewe, kwa mkupuo mmoja. Robo saa baadaye Fenja alikuwa mezani kwetu, mkubwa kama sinia, anakula uji. Roswitha akasogea, akageuza kichwa pembeni kama daktari alivyomfundisha, akahangaika kidogo. Kisha akasema, "Ewald, sioni pa katikati. Sura yake siipati. Njoo uniambie."

Nikakaa, nikamwambia yote. Nywele, meno, kovu dogo kidevuni, na kwamba akicheka anakunja pua kama yeye Roswitha. Aliuliza, "Kweli, au unanifariji?" Nikasema kweli. Tulikaa hivyo saa nzima, yeye kanishika mkono.

Hayo majaribio msiyarudie. Na ile barua msimwandikie. Hawezi tena kusoma, ingebidi nimsomee mimi.