Antena Yangu na Magunia ya Dagaa

Jumatatu. Asubuhi manyunyu, kufika saa nne jua kali.

Leo nimeumbuka. Naandika huku shati linanuka dagaa.

Bosi wetu, Mama Zaituni, anauza dagaa kwa jumla. Ana ofisi Gungu, ghala Kibirizi, na sasa anafungua duka Mwandiga. Anataka kompyuta zote zisomane: gunia likitoka ghalani, Gungu waone papo hapo. Neema wa Gungu alishauri tuvute faiba, ule waya wa intaneti wa kulipia. Mimi nikashauri antena mbili zitazamane, moja juu ya paa Gungu, nyingine ukutani Kibirizi. Hakuna malipo ya kila mwezi! (Nimtendee haki: Neema alitoa sababu. Mimi nilitoa sauti.) Mama akakubali tujaribu yangu. Ikifaulu leo, nasimamia na Mwandiga.

Nilipima wiki mbili zilizopita. Kutoka ukutani hadi paa la Gungu, kweupe kabisa.

Leo Mama kaja ghalani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Haya, nioneshe."

Nikampigia Neema video kwenye kompyuta. Sura safi! Mama akatabasamu. Nikaanza kueleza faida (kwa kirefu, Mungu anisamehe).

Mara Neema kaganda, mdomo wazi. Kisha kapotea.

Nikachukua simu. "Dada, umegusa nini huko?"

"Sijagusa kitu, kaka. Angalia huko kwako."

Nikazima, nikawasha. Wapi! Nikapanda ngazi, nikaipangusa antena kwa shati. Wapakiaji wakasimama kunitazama.

"Fundi, unatafuta nini huko juu?"

"Gungu!"

"Gungu iko nyuma ya gari, fundi."

Nikageuka. Pua ikagonga gunia. Wakati naeleza faida, lori lilikuwa limekuja kuegeshwa mbele ya ukuta, magunia ya dagaa yamepangwa hadi juu ya antena.

Nilipima siku za mbalamwezi! Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza; mwezi ukiwaka mitumbwi hailali ziwani, dagaa hakuna, na lori halina la kufuata. Mtoto yeyote wa Kibirizi anajua. (Mimi nimezaliwa Kibirizi. Baba alikuwa mvuvi.)

Mama akauliza kwa upole, na huo upole ndio ulioniua: "Kwa hiyo mwanangu, mtandao wangu utafanya kazi siku ambazo sina cha kuuza?"

Mpakiaji mmoja alitua gunia ili acheke vizuri.

Mwandiga inavutwa faiba, msimamizi Neema. Mimi natafuta nguzo ndefu ya kuinulia antena. Nimempigia kumwomba radhi. "Usijali, kaka," akasema, na nyuma yake nikasikia ofisi nzima inacheka.

Nyie msicheke, tafadhali. Jioni tumekula ugali na dagaa. Tumetazamana nao vizuri tu, hakuna kilichokatiza katikati.