Gari la Kuongoza Mbio

Jumanne, 14 Oktoba
Mdomo wangu huu! Asubuhi bosi wetu, Bi Lorraine, ametuambia kwamba gari la umeme la duka letu la magari limekaa uani tangu theluji ilipoyeyuka, na hajatokea mteja hata wa kulipiga teke tairi. Watu wa huku Michigan wanataka pikapu zinazonguruma, hata za kwendea kununua maziwa. Akasema Jumatatu ikifika halijapata mnunuzi, anafunga dawati la matangazo. Dawati la matangazo ni mimi. Nikasikia sauti ikisema litauzwa, bosi, mpango upo. Sauti ilikuwa yangu. Mpango haukuwepo.

Jumatano, 15 Oktoba
Upo sasa! Jumapili ni marathoni ya mji wetu. Mbele ya wakimbiaji hutangulia gari lenye saa juu ya paa, nao huumeza moshi wake mpaka mwisho. Letu halina moshi! Mji mzima utaliona! Nimempigia mkuu wa mbio, Bwana Haverty. Kakubali. Kaniuliza mara mbili kama naijua njia. Nimemjibu, kama kiganja changu. Ramani nitaitafuta kesho.

Vance, muuzaji wa pikapu hapa dukani, naye anakimbia. Tangu Agosti anakunywa juisi ya bitiruti na kutusimulia habari za kucha za miguu yake. Amecheka mpaka akashika meza. "Mdogo wangu, hilo friji lako litazimika njiani, na mimi ndiye nitakayelisukuma."

Tutaona.

Jumamosi, 18 Oktoba
Siku tukufu! Nimezunguka mji mzima na gari, spika mbili juu, muziki hewani. Bibi mmoja alinisimamisha akaagiza aiskrimu. Nimempa kipeperushi.

Kurudi, nakuta Vance ameegesha pikapu yake mbele ya chaja yetu pekee. Nikaenda kwake, nimejiandaa kabisa kumwambia aiondoe. Alikuwa anakula tambi za watu watatu, maana kesho ni mbio, na mkononi ameshika uma mkubwa. Nikamtakia mbio njema. Nikaondoka.

Chaji imebaki chini ya nusu. Inatosha. Marathoni si safari, ni watu tu wanakimbia.

Jumapili, 19 Oktoba


Mwanzo ulikuwa mzuri mno! Watu walishangilia pande zote mbili. Nilipunga mkono kama gavana. Lakini upepo wa ziwani! Nikawasha hita, kiti cha joto na spika. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba baridi hula betri. Tulipopita kanisa la Kilutheri, taa nyekundu ya betri ikawaka. Nikawaza kwa makini. Duka letu liko mitaa miwili tu kulia. Nichepuke, nichaji kidogo, niwawahi mbele. Nikawasha hata indiketa.

Kumbe mkimbiaji wa mbele hatazami vibao. Hutazama gari.

Naingia uani, nageuka: wanaume sita wanatoa mvuke kama farasi, wamesimama kati ya pikapu wakitafuta utepe wa kumalizia mbio. Wa nne ni Vance! Maishani mwake hajawahi kuwa wa nne. Akaniuliza, kwa pumzi iliyosalia, utepe uko wapi. Nikamwomba, kwa kuwa yupo, asogeze pikapu yake.

"Ellis," akasema taratibu, "anza kukimbia."

Nikaanza. Sikujua nina kasi kiasi kile!

Jumatatu, 20 Oktoba
Bwana Haverty amepiga simu. Bi Lorraine aliishika mbali na sikio, na bado wote tulisikia. Gari halijauzwa. Dawati limefungwa. Kuanzia leo ninaosha magari.

Lakini gazeti! Ukurasa wa kwanza! Picha ya wanaume sita waliopotea, na juu ya vichwa vyao jina la duka letu, herufi kubwa, bila kulipa senti! Bi Lorraine aliitazama picha ile. Kisha akasema, "Ellis, usiguse tena usukani, umenisikia?"

Nimemsikia. Kupiga simu hakunikataza. Mchana nimewapigia watu wa gwaride la Krismasi. Mwaka huu Santa atatangulia na gari letu, ataliendesha mwenyewe, na watoto wote nyuma! Wameuliza kama njia naijua. Kama kiganja changu!

Pikapu ya Vance bado iko mbele ya chaja. Sikutaka kumsumbua, anachechemea. Disemba iko mbali.