Gambuti za Jangwani

Jumatatu, 12 Januari
Khalas, yamekwisha. Mmoja wetu anaondoka. Madam Hala ametuita mimi na Siraje, makarani wake wawili hapa Karama, mtaa wa jiji hili la Waarabu. Ofisi yake ya kupeleka watalii jangwani itabaki na karani mmoja tu: yule anayeweza pia kuwaongoza wageni mchangani. Huyo ndiye atakayeongezewa viza. Akauliza nani analijua jangwa. Siraje akasema kwao Masaka ni migomba mitupu. Mkweli! Mimi nikasema nimezaliwa jangwani, Turkana, nimechunga ngamia. Kwetu ni Limuru, milimani kwenye baridi. Ngamia nimemwona kwenye kalenda. Madam akasema mashallah. Siraje akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, ngamia wa kwetu huitwaje jioni. Nikasema huja wenyewe.

Jumanne, 13 Januari
Nimesoma kutwa. Choroa, mnyama mweupe mwenye pembe kama mikuki, hukaa majuma bila kunywa maji. Kuna mjusi mwenye mkia wa miiba. Hupiga nao. Nge hujificha wakati wa joto, hutoka kukipoa. Wageni wetu huenda kukiwa kumepoa. Nikafunga kompyuta. Jioni nikapita mtaa wa Satwa, nikanunua gambuti za mpira, hadi magotini. Muuzaji akauliza mafuriko yako wapi. Mpango: nitawapeleka wageni nyuma ya tuta la mchanga lililo karibu kabisa na barabara, niwaonyeshe nyayo, turudi. Nyayo za nani, nitaamua palepale.

Jumatano, 14 Januari
Majaribio. Alfajiri. Madam alikuja mwenyewe na wageni. Siraje alibeba maji, akaziamkia gambuti zangu: shikamoo, mzee wa mafuriko. Nikawatangazia wote kwamba jangwani asubuhi ni kukavu na kweupe siku zote. Ndipo ukungu ukashuka. Mzito, wa baridi! Hata mkono wangu sikuuona. Ajabu, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu sikuogopa. Nikahisi niko nyumbani. Nikawaambia wageni watulie, kwetu ni hivi kila Julai, ukungu hulala juu ya majani ya chai mpaka jua lipande. Kisha sauti ya Siraje, kutoka ndani ya weupe, ikauliza kama chai ya Turkana huchumwa na ngamia. Mbele yangu zilitokea pembe mbili. Choroa. Alinitazama tu. Nikajikuta nyuma ya Madam, nimekumbatia mkoba wake.

Ijumaa, 16 Januari
Siraje amebaki. Madam amesema asiyejua akakubali hajui, huyo anafundishika. Lakini ana huruma. Dada yake, Madam Lamees, ana mashua za kupeleka watu kutazama pomboo, na anatafuta karani. Madam Hala akanisihi nimwambie dada yake ukweli, basi. Nikaahidi. Mchana Madam Lamees akapiga simu, akauliza kama naijua bahari. Nikasema nimezaliwa Lamu, na baba ni mpiga mbizi. Majaribio ni Jumatatu, kwenye kina kirefu. Sijui kuogelea. Si kitu. Gambuti ninazo.