Matonge ya Bi. Mulunesh

Jumatatu, 3 Hidar

Barua imefika! Ijumaa saa kumi Bi. Mulunesh wa ustawi wa jamii anakuja kutukagua. Akiridhika, ataiandikia mahakama kwamba tunafaa kumlea Mahder awe mtoto wetu moja kwa moja. Ana miaka minne. Tangu mwezi wa Miazia, miezi saba sasa, hatujakosa Jumamosi hata moja kumtembelea kwenye makao ya watoto. Asiporidhika... siandiki.

Tatizo: anamhoji kila mtu wa nyumba peke yake. Hata mimi. Mimi niliyesomeshwa Kiamhari na Kiingereza nikawa bubu mbele ya wageni katika lugha zote mbili! Nikinyamaza ataandika kwamba simtaki mdogo wangu. Feven, binti wa shangazi, amejitolea kuja kunisemea. Ati yeye ana mdomo. Tunajua, Feven. Hawassa nzima inajua.

Jumatano, 5 Hidar

Nimepata! Matonge! Mgeni akilishwa kwa mkono hakatai, ni aibu. Na mwenye tonge mdomoni hahoji mtu.

Nimeyajaribu kwa Baba, kwa mkate wetu wa injera na shiro, mchuzi wa dengu usio na nyama, maana leo ni siku ya kufunga. Tonge la ukubwa wa yai: sekunde hamsini za kutafuna. La ukubwa wa ngumi ya Mahder: dakika moja na nusu, pamoja na machozi. Baba akauliza nimeanza lini kumpenda hivi. Baada ya tonge la sita akasema ameshiba mapenzi.

Alhamisi, 6 Hidar

Shiro kwa mtu wa serikali? Hapana. Kuku! Mchuzi mwekundu, mayai ndani. Nimepika kwa siri jikoni kwa shangazi ili Mama aone kesho ashangae. Mwenyewe anashona mapazia mapya na hasemezeki. Nimekata vitunguu kilo tatu. Nimelia kuliko msibani. Feven alikaa kwenye kigoda akinitazama, anatabasamu tu, hasemi kitu. Feven, hasemi kitu! Nikajua ni wivu.

Ijumaa, 7 Hidar

IJUMAA. Siku ya kufunga! Nyama hakuna, yai hakuna, siagi hakuna. Kwa shangazi ni walokole, hawafungi, kwa hiyo hakuna pua iliyoshtuka. Lakini mimi nimefunga juzi tu, na bado nikasahau!

Nilikumbuka mkono ukiwa umeshafika kwenye midomo ya Bi. Mulunesh. Ana msalaba shingoni, na mwingine amechanjwa kwenye paji la uso. Mama akawa mweupe kama mapazia yake. Mchuzi ukadondoka kwenye faili. Faili la Mahder!

Akauliza polepole kama nyumba hii huwa hatufungi. Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema kila kitu. Kwamba nilitaka kumziba kwa matonge asiniulize. Kwamba Mahder hali mpaka nimkunjie injera nyembamba kama vidole. Kwamba upande wa ukutani kitandani ni wake, na mwezi mzima nimelala ukingoni ili nizoee. Nimeanguka mara mbili. Robo saa nzima naongea! Baba alisimama mlangoni, mdomo wazi.

Bi. Mulunesh akaupangusa mchuzi kwenye faili.

"Mwanangu, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na tisa. Sijapata kuona mtu ananilisha kuku Ijumaa ili asiniambie anachokitaka."

Akaandika mstari mrefu. Kisha akaomba shiro, akakunja tonge, akanilisha mimi. Kubwa! Sekunde themanini.

Kuku wote kala Feven. Na mayai.

Jumanne, 9 Tahsas

Mahakama imekubali! Mama akapiga vigelegele mle mle ndani. Karani akamnyamazisha. Akapiga tena.

Njiani Mahder akauliza kama atarudishwa makaoni jioni. Nikasema hapana. Kesho? Hapana. Keshokutwa? Aliuliza hadi siku zikamwishia, akaanza upya. Sasa amelala upande wa ukutani. Na wangu ameuchukua.

Jumapili, 14 Tahsas

Kesho anaanza chekechea. Mwalimu anataka dada mkubwa amtambulishe mtoto mbele ya wazazi wote. WOTE! Lakini nina mpango. Mahder atanitambulisha mimi. Yeye haogopi mtu. Nimemfundisha mchana kutwa: dada anaumwa koo, daktari kamkataza kuongea mpaka Krismasi. Malipo ni bisi, mfuko mzima.

Tukaenda kufanya majaribio kwa mlinzi wa geti. Mahder akasahau koo. Akasahau daktari. Akanishika kidole, akamwambia mlinzi: "Huyu ni dada yangu. Haongei na watu. Anaongea na mimi."

Nimelia kidogo nyuma ya tangi la maji. Kisha nikamrudisha ndani tuanze tena, kwenye koo. Kesho navaa na skafu, mwalimu asiwe na shaka.